Kitufe Chako cha Chuma

Nasimiyu,

Nimekaa hapa na kalamu nikijiuliza nikuite nani. Dada? Hatukuzaliwa tumbo moja. Rafiki? Hatukuonana hata siku moja. Kukhu, mama yake Wafula, huniambia wewe ndiye bibi mkubwa na mimi ndiye mdogo, na bibi mkubwa hata akiwa kaburini anabaki mkubwa. Sawa. Lakini nitakuita Nasimiyu tu, vile unavyoitwa ndani ya hii nyumba kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zizimwe. Hapa Pioneer, mtaa wa Eldoret, kwa hii ploti yetu, hakuna jina linaloitwa kama lako. Langu ni kama lilipotelea mlangoni siku niliyoingia.

Naitwa Nekesa. Mimi ndiye niliyekuja baada yako.

Wafula ameenda Moiben na pikapu kununua mahindi. Mimi niko barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule, lakini mvua imeanza na upepo unaileta mpaka kwa kitambaa, kwa hivyo nimefunika mashine. Mtoto amelala juu ya robota la kitambaa cha kijani, mdomo wazi. Nimechoka, Nasimiyu. Ningeweza kujilaza hapo kando yake. Lakini nimeona afadhali nikuandikie sasa, kwa sababu kuna kitu chako nimekitoa, na sitaki ukisikie kwa Kukhu akija kupalilia kaburi lako.

Ni kile kitufe cha chuma cha bastola ya Wafula. Kile kidogo cha ubavuni, ukikibonyeza magazini inatoka na risasi zake. Kimetoka. Sasa kipo cha plastiki.

Najua. Kasirika kwanza. Halafu endelea kunisikiza.

Siku niliyoolewa nilikuja na vitu vyangu vizuri: beseni za plastiki za kuingiana, ndogo ndani ya kubwa, jagi la rangi ya machungwa, na kikombe cha mtoto ambaye hata hakuwa amekuja. Wafula alivipokea akicheka. Asubuhi nikavikuta barazani, vimepangwa kando ya viatu. Nikafikiri alikuwa anapangusa meza. Nikavirudisha ndani. Kesho yake viko barazani tena.

Na ndani, kila chombo chako kilikuwa na sauti. Vikombe vya bati vyenye maua ya bluu, karai, ndoo ya mabati, jagi lililopondeka mdomo. Ukiangusha kijiko jikoni, mlinzi wa geti anauliza kuna nini. Nikamwambia Wafula, "Kwani beseni zangu zimekosa nini?" Akanijibu kwa upole, bila kuniangalia: "Nasimiyu hataki plastiki."

Hataki. Hakusema hukutaka. Alisema kama mtu ambaye bibi yake ameenda sokoni na saa yoyote atarudi akague vyombo.

Sababu yake alinipa kwa vipande vipande, leo kidogo, mwezi mwingine kidogo. Wakati wa ile vita ya baada ya kura mimi nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka moshi upande wa mjini, na mama akituambia tuvae nguo mbili mbili, moja juu ya nyingine, ili tukikimbia tusiziache. Ninyi mlikuwa watu wazima, mmeoana juzi, stoo ya nafaka imejaa. Walipoanza kuchoma mahindi yenu mkatokea nyuma, mkakuta ua wa kayaba umeziba njia na miiba yake. Wafula akaanza kukata kwa panga. Mpini wake wa plastiki ukapasuka. Akabaki ameshika vipande vyeusi mkononi, na panga lenyewe limepotelea nyasini. Wewe ukaupasua ule ua kwa mikono. Anasema ulitangulia, halafu ukamvuta yeye kwa shati. Anasema mpaka siku uliyokufa ulikuwa na makovu kwenye vifundo vya mikono, yamezunguka kama bangili. Na mkiwa chini ya hema pale kambini, mikono imefungwa matambara, ndipo uliposema: "Plastiki haishiki mtu."

Hata hayo makovu nimeyaonea wivu. Usinicheke. Mimi na Wafula tuna nini cha kukumbuka? Tuna homa ya mtoto, na ile siku bomba lilipasuka jikoni tukalala miguu imelowa. Wewe ulimtoa motoni. Mimi nitamtoa wapi?

Halafu ikaja bastola. Aliipata kwa leseni baada ya kuvamiwa kwa barabara ya Moiben, wewe ukiwa bado mzima. Ilikuja na kitufe cha plastiki, na magazini zake za kwanza zilikuwa chuma tupu. Chuma kikaila ile plastiki pole pole, mpaka pembe yake inayoshika ikawa mviringo kama sabuni iliyotumika. Siku moja pale uwanja wa kulenga shabaha magazini ikatoka yenyewe ikamwangukia kidole cha mguu. Ulicheka, anasema, mpaka ukakaa chini. Kisha ukainuka, ukamshika mkono mpaka kwa fundi wa duka la silaha mjini, ukamwambia fundi: "Weka chuma. Huyu mwanaume nilishamtoa kwa miiba mara moja, sirudii."

Aki Nasimiyu, hayo maneno. Nimejaribu kutafuta yangu ya kumwambia yafike hapo. Nikajisikia nikimwambia, "Pangusa viatu."

Kansa ilipokulaza, hukuwa na mtoto wa kumwachia maneno. Ulimwachia Wafula hayo tu: "Usikubali wakurudishie ile plastiki." Akaapa. Na mwanaume huyu, wewe unamjua kuliko mimi, akiapa ameapa.

Basi kila jioni anatandika gazeti mezani. Anatoa magazini, anatoa risasi, anahakikisha, anapangusa bastola kwa kitambaa cha flana. Mimi niko hapo na mtoto kifuani, nguo ina alama za maziwa, nywele sijui nilizisuka lini. Namwangalia kidole gumba chake kikipita juu ya hicho kitufe chako, taratibu, kinarudi, kinapita tena. Halafu anaifunga kwa sefu, ananiuliza kama kuna chakula.

Nimewahi kumwambia kwa mzaha, "Hata mimi niko na mabega, unaweza kupangusa." Akacheka. Akaenda kunawa mikono.

Halafu mtoto.

Nilikuwa nimemchagulia jina, Faith, na ndilo liko kwa cheti. Lakini alilia, Nasimiyu. Alilia tangu tutoke hospitali, asubuhi analia, mchana analia, ananyonya kidogo anaachilia analia. Majirani wakaanza kuniangalia kama namfinya. Kukhu akaja kutoka Bungoma na mfuko wake, hakuvua hata leso ya kichwa. Akamchukua, akakaa naye mlangoni, akaanza kumuuliza vile wazee wa kwetu huuliza: "Ni wewe Naliaka? Ni wewe Nafuna? Nani anataka jina?" Aliita waliokufa kabla sijazaliwa. Mtoto analia tu. Mwishoni akapunguza sauti, akasema, "Ama ni wewe, Nasimiyu? Wewe uliyeenda bila mtu wa kukuita?"

Mtoto akanyamaza. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akatafuta titi.

Kukhu akapiga kigelegele. Wafula akatoka nje akasimama kando ya pikapu, mgongo umetugeukia. Na mimi nimekaa hapo, mshono wa uzazi bado unauma, nafikiri: hata huyu. Hata huyu amekuja kuchukua.

Tangu siku hiyo mimi ni Mama Nasimiyu. Dukani, kanisani, kwa wateja wa sare, Mama Nasimiyu. Yaani mimi ndiye mama yako! Na kwa vile mwenye jina ni kama mwenyewe, Wafula akiamka anamwinamia mtoto: "Bibi yangu mkubwa ameamkaje?" Mtoto anacheka mpaka anakohoa. Halafu ananigeukia mimi: "Chai iko?" Kukhu akipiga simu anauliza, "Mke wa mwanangu amekula?" Nikisema nimekula, ananijibu, "Si wewe."

Wanacheka wote. Mimi pia nacheka, nifanye nini. Lakini nikirudi kwa cherehani nakanyaga pedali mpaka sindano inavunjika.

Sasa nikuambie shida ilivyoanza. Zile magazini za zamani springi zake zilichoka, Wafula akanunua mpya. Kwa macho ni kama zile, lakini hizi zimevishwa plastiki nje. Mwanzo zilikaa vizuri. Baadaye akawa anashuka kwa pikapu akijipapasa nyonga, pale bastola hukaa. Nikimuuliza, anasema si kitu, mkanda wa gari umebonyeza. Siku nyingine nilisikia kitu kikianguka chooni, akatoka akiwa amekishika nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeiba chaki.

Nikamwambia apeleke kwa fundi, pengine hicho kitufe hakielewani na magazini mpya. Nikamweleza kwa kazi yangu: kifungo cha chuma kwa koti zito kinakaa vizuri, lakini kishone kwa shati la mtoto wa nasari, tundu lake linakata uzi, kinaanguka kikiwa kizima na shati limetoboka. Akanisikiza vizuri. Akasema, "Bastola si shati, Mama Nasimiyu."

Nikasema, "Na kitufe si mtu."

Hapo uso wake ulifunga. Nilijua nimekugusa wewe.

Mwaka huu kuna kura tena. Wewe unajua miezi hii inavyokaa hapa Eldoret. Watu wanasalimiana vizuri kupita kiasi. Majirani wanauliza, eti mnaenda nyumbani lini, na huwezi kujua ni upendo ama ni onyo. Kwa hiyo Wafula hutoka asubuhi na pikapu, anapita mashamba ya Moiben, na mimi nabaki nikishona makola huku nikiangalia geti.

Siku moja alirudi hajanunua hata gunia moja. Akakaa mezani, akasukuma chakula. Akaniambia alikuta mawe barabarani na wanaume wamesimama, akapeleka mkono kwa nyonga, akagusa bastola ikiwa na shimo. Magazini ilikuwa chini karibu na breki. Wale watu walikuwa wameharibikiwa na mkokoteni wa maziwa, mawe ni ya kuzuia magurudumu. Wakamwomba awasaidie kusukuma, akasukuma.

Nikafikiri sasa atapeleka. Unajua alifanya nini? Alifunga magazini na raba bendi. Ile ya kufungia sukuma wiki! Nikamwambia, "Kwa hivyo chuma imeshindwa, sasa tunashikwa na raba?" Akasema, "Niliapa." Nikamwambia, "Baba Nasimiyu, uliapa kwa mgonjwa ili apumzike. Hukuapa ufe." Akasema, "Hiyo usiseme tena."

Sikusema tena. Lakini nikuambie ukweli, nilikuchukia. Nilikuwa naangalia picha yako pale juu ya kabati, ile umevaa sweta ya maruni, na nakuuliza: hukutosheka? Una kaburi lenye simiti, una vikombe, una jina la mtoto wangu, una kidole gumba cha mwanaume kila jioni. Sasa unamtaka yeye mwenyewe aje huko?

Kisha ikawa Jumapili moja Kukhu akiwa ametutembelea. Tumetoka kanisani. Wafula akakaa kwa sofa kidogo akipumzika, halafu akainuka akapeleka bastola kwa sefu kama kawaida. Raba ilikuwa imekatika, hakujua. Alikuwa amechoka, na Kukhu anamwongelesha mambo ya shamba, siku hiyo hakukagua. Akarudi akakaa kiti cha mlangoni. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Mtoto alikuwa anacheza nyuma ya mito ya sofa, pale anapofichaga biskuti.

Akatoka akiwa na magazini.

Alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Risasi ya juu ilikuwa inaonekana, ya manjano, inang'aa, na ilikuwa na mate yake. Nilijua ilikuwa na mate kwa sababu kidevu chake kilikuwa kimelowa. Kisu kikaniponyoka. Alipita mbele yangu na ule mwendo wake wa kuyumba, akampita Kukhu, akaenda moja kwa moja kwa Wafula, akamwekea mkononi. Akasema neno lake la siku hizo, analosema akikupa kitu chochote, hata ganda la ndizi: "Shika."

Nikamnyakua mtoto nikamtia kidole mdomoni kutafuta kama kuna kitu. Hakuna. Nikampangusa ulimi kwa gauni langu la kanisani. Kisha nikasimama wima, na nikajisikia mtulivu kabisa, sijui utulivu ulitoka wapi.

Nikasema, "Baba Nasimiyu. Mimi sijafungua mdomo. Umeona ni nani amekurudishia."

Wafula akaangalia magazini. Akamwangalia mtoto. Nikaendelea, "Kila asubuhi unamwita bibi yako mkubwa. Mama mwenyewe hapa ndiye aliyemuuliza jina akaitikia. Basi ukubali ni yeye, ama kuanzia leo mtoto wangu mumwite Faith."

Kukhu aliweka kiganja mdomoni. Nilitazamia anikemee, mama mkwe na mimi naongea hivyo mbele ya mwanawe. Lakini alisema pole pole, "Amerudisha, mwanangu. Mwenyewe amekufungulia kiapo."

Wafula akainamisha kichwa, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Hakulia harusini, hakulia mtoto alipozaliwa. Alilia hapo mlangoni na magazini imelala kwa mapaja yake, na nilijua machozi ni yako, yote, hakuna hata moja langu. Nilimwekea mkono begani hivyo hivyo. Nilikuwa na wivu na nikamwekea mkono. Mambo hayo yanaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja, sikujua.

Jumatatu tukaenda mjini. Nilimwambia siendi kungojea nje, na mtoto nikamwachia Kukhu. Fundi ni yule yule wako, ila sasa amevaa miwani. Akaniangalia, akamwangalia Wafula, akauliza, "Na yule mama wa miiba?" Wafula akasema ulitutoka. Fundi akavua miwani, akasema pole, akasema mwanamke wa kuongea vile hajamwona tena kwa hiyo kaunta. Mimi nimesimama hapo na mkoba wangu. Hata kwa duka la silaha, Nasimiyu! Hata huko ulikuwa umepita ukaacha watu wakikutamani.

Akakagua kwa tochi. Nilitaka sana aseme ulikosea. Nakuambia bila kuficha, nilikuwa nimekuja kusikia hivyo. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyonyamaza, kile kimya cha mtu aliyeshinda.

Akasema, "Hii si makosa ya chuma. Chuma ilikuwa sawa kabisa na zile magazini za kwanza, na huyo mama alisema kweli, plastiki ya wakati ule ilikuwa imelika. Lakini hizi magazini mlileta zimevaa plastiki. Sasa chuma ndiyo inakula." Akatuonyesha kile kitundu cha ubavuni mwa magazini ambamo kitufe hushika. Kilikuwa kimepanuka, kimelala upande, kama tundu la kifungo lililochanika. Ni lile shati langu la nasari, mama. Lakini na koti lako pia. Halafu akasema jambo lingine: kitufe cha chuma ni kirefu kidogo kuliko cha kwanza, kinatokeza, na kwa mtu anayeshinda ndani ya gari, mkanda unakisukuma mchana kutwa.

Wafula akauliza, "Sasa gani ni bora?"

Fundi akacheka. "Mzee, hakuna bora ya peke yake. Hizi magazini zimeisha, lazima mchukue zingine. Mkichukua za chuma tupu, kitufe cha huyo mama kibaki. Mkichukua za plastiki, tubadilishe. Plastiki itashika, haina kutu, lakini muwe mnaangalia pembe yake."

Unaona? Kulikuwa na njia ya wewe kubaki. Wafula angesema neno moja tu, angenunua magazini za chuma, na kidole chake kingerudi kwako jioni hiyo hiyo. Na kiapo kingekaa. Nilimwona akifikiria. Alikuwa ameweka bastola kwa kaunta, tupu, na kidole gumba kiko hapo hapo pako. Nikaangalia pembeni, kwa kalenda ya ukutani. Nilijiambia sitasema kitu, kwa sababu nikisema itakuwa mimi na wewe tunavutana tena, na kwa hiyo kamba wewe hushinda kila siku.

Akaniita. "Nekesa. Wewe unasemaje?"

Nekesa. Sikumbuki mara ya mwisho. Nilikuwa nimezoea kutoitwa mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Nikasema, "Plastiki. Wewe uko kwa gari siku yote, na hicho kirefu kinasukumwa na mkanda. Na kila Jumamosi uniletee mezani niangalie pembe yake na macho yangu. Ikianza kuwa mviringo, siku hiyo hiyo tunakuja hapa. Na nyumbani huketi kabla bastola haijaingia sefu na magazini yake, hata kama Mama anaongea mambo ya shamba."

Fundi akamwambia Wafula, "Umeoa tena askari." Wafula akatabasamu, akasema, "Nilioa fundi wa nguo." Akaitikia. Ikabadilishwa mbele ya macho yangu.

Je, kulikuwa na wivu ndani ya hilo jibu langu? Kulikuwa. Sitakudanganya, wewe ni mwanamke. Lakini sababu ya mkanda ni ya kweli, na hata ningekuwa nakupenda kama dada yangu ningesema hivyo hivyo. Ulikuwa sawa kwa magazini zako. Kwa zile ulizoziona na macho yako, ukiwa hai, ulikuwa sawa kabisa, na hicho chuma kilimshika mpaka mimi nikamkuta mzima. Hilo ndilo sikuwahi kukushukuru. Ulinilindia mtu nisiyemjua bado. Asante.

Tangu siku hiyo amekuwa akienda na kurudi, magazini mahali pake. Jumamosi analeta bastola tupu, naiinamia na miwani ya kukuzia niliyoazima kwa fundi, naangalia hiyo pembe kama ninavyoangalia meno ya mtoto. Beseni zangu ziko jikoni. Lakini usifikiri nimeshinda yote. Kile kikombe changu cha plastiki cha mtoto, mwenye jina lako amekikataa. Anakitupa chini. Anataka cha bati chenye maua ya bluu, na akimaliza anakigonga kwa meza mpaka mlinzi anauliza kuna nini. Nilikasirika wiki nzima. Sasa namwekea tu.

Kitufe chako ninacho. Fundi alikitoa akakiweka mkononi mwangu, wala si mwa Wafula. Ni kidogo kama punje ya maharagwe. Upande mmoja bado ni mweusi, upande mwingine umeng'aa pale kidole chake kilipopita miaka yote hiyo. Nimekifunga kwa kitambaa cha kijani, kiko kwa droo ya cherehani kati ya vifungo vingine, na kila nikitafuta kifungo cha shati nakigusa, na bado kinaniuma. Wafula hajauliza kiko wapi. Nafikiri anajua.

Desemba tukija nyumbani Bungoma nitakirudisha. Pale kichwani pa kaburi, simiti ilipoachia udongo, nitachimba kwa kidole, na mwenye jina lako atakiweka mwenyewe. Najua atakachosema.

Ahadi yangu ni hii. Huyu mtoto nitamfundisha jina lake limetoka wapi, na nitamwambia habari ya ua wa kayaba, yote, sitapunguza hata mwiba mmoja. Huyo mwanaume nitamwangalia arudi. Picha yako itabaki juu ya kabati, nitaipangusa mimi. Lakini jioni zake ziache, Nasimiyu. Umeshika vya kutosha. Achilia kidogo, na mimi nishike.

Mvua imepungua. Mtoto anajigeuza, ataamka sasa hivi akitaka kikombe. Pumzika huko uliko, bibi mkubwa. Nasikia pikapu kwa geti, na kuna mtu anauliza kama Nekesa yuko.

Niko.

Nekesa